Mkono wa Kushoto wa Kagendo

Siku ninayoikumbuka kabla mambo hayajaharibika ilikuwa siku ya mkonge. Mama alikuwa amekaa nje ya nyumba yetu ya zamani, ile iliyokuwa kwenye shamba juu ya Manyatta, huko Embu, miguu ameinyoosha, paja moja limepakwa majivu, anasokota nyuzi za kiondo, kikapu chetu cha kubebea. Mimi nilikaa ubavuni mwake. Kagendo alikaa mbele yake, magoti yao yakikaribia kugusana. Maharagwe yalikuwa jikoni na jua lilikuwa la kuota tu. Kaka yangu Njeru alipita na jembe begani akatuuliza kama tunasuka viondo au tunasuka umbea.

Kagendo alikuwa binti wa dada ya mama, aliyeolewa Meru. Dada huyo alipofariki mama alikwenda kumzika, akarudi na mtoto. Nilimzidi Kagendo miezi minne na nilihakikisha anaijua hiyo miezi. Lugha yao na yetu zinakaribiana, lakini yeye alikuwa na namna yake ya kuvuta maneno, nami nikawa namwiga mbele ya watu mpaka siku moja mama akanipiga mwiko wa mgongo. Kagendo hakulia wala hakunishtaki. Hilo nalo liliniudhi.

Alimwita mama "tata", kama tunavyowaita dada za mama zetu. Nilikuwa nayasikiliza maneno yake kama askari wa mlangoni, nione kama siku moja atateleza amwite mama.

Tena alitumia mkono wa kushoto. Kwetu mkono huo ulikuwa na kazi zake, na kusuka hakukuwamo. Wazazi wengine wangempiga mpaka auache. Mama alimkalisha mbele yake tu, na kila alichokifanya yeye kwa kulia, Kagendo akakifanya kwa kushoto, kama mtu anayejitazama kwenye maji. Kwa hiyo kiondo cha Kagendo kilijulikana hata gizani. Mishono yetu sote ililalia upande mmoja, yake ililalia wa pili. Mama aliwaambia majirani kwamba hajaona mkono mwepesi kama ule, na majirani wakakipitisha kiondo kutoka kwa huyu hadi kwa huyu wakikipapasa. Changu walikisifu kwamba kina nafasi ya kutosha viazi.

Mimi ni mtu wa wivu, nalisema mapema ili asije mtu akadhani najificha. Nilifundishwa nikiuona ubavu wa mama. Kagendo alifundishwa akiuona uso wake. Nilikuwa na miaka kumi na minne na sikutaka kitu kingine duniani zaidi ya kukaa pale alipokaa yeye.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikipigana na wapiganaji walioingia msituni.

Njeru aliondoka kwanza. Mama alituambia amekwenda Kericho kwenye kazi ya chai, nami niliamini, kwa sababu wengi walikwenda huko. Baba alikuwa amekufa zamani, kwa hiyo tukabaki wanawake watatu. Baada ya muda walikuja homugadi, askari wa kwetu wenyewe waliokuwa wanaitumikia serikali, wakatupa asubuhi moja ya kuibomoa nyumba na kubeba nguzo. Tulihamishiwa kijiji kipya pamoja na watu wa kilima kizima. Vibanda vilipangwa mistari, vikazungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa, na mlango ulikuwa mmoja. Ukichelewa kuingia jioni ulihesabiwa kuwa mtu wa msituni.

Kabla ya hapo watu walimwita mama Mama Njeru. Pale kijijini jina la kijana asiyeonekana halikuwa jina zuri kulitaja mbele ya homugadi, basi wakaanza kumwita Mama Wawira. Wawira ni mimi. Nawaambieni ukweli, watu walikuwa wanakufa, na mimi nilifurahi kwa sababu ya jina.

Kila asubuhi filimbi ilipigwa tukaenda kuchimba mtaro mkubwa, ule wa kuutenga msitu na mashamba. Hapakuwa na malipo. Aliyekuwa na urefu wa kufika kifuani mwa homugadi alichimba, mtoto au mzee. Mikono ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine juu yake. Baada ya kuchimba tulipewa muda mfupi wa kwenda mashambani chini ya ulinzi, tukachimbue viazi mbio mbio kama wezi.

Mama alikwenda kumwomba mkuu wa kambi ya homugadi kwamba Kagendo asichimbe. Alisema msichana ana kifua kibovu, aungane na wale wanaowaletea wachimbaji maji kutoka kijito cha juu, karibu na msitu. Mkuu alikubali.

Kagendo hakuwa na kifua kibovu. Alikuwa mzima kama mimi.

Roho ilinichoma siku ile hata jembe likawa jepesi. Nilichimba kwa hasira mpaka mwanamke aliyekuwa karibu nami akasema, "Wawira, punguza. Wakiona unaweza hivyo watatuongezea sote." Nilimwangalia Kagendo akipanda na kibuyu chake, mgongo umenyooka, akipotea kwenye miti na kurudi polepole. Nilijiambia kwamba mama amechagua ni mtoto gani wa kumpa pumziko, na si mimi.

Mambo mengine yakafuata. Nikiingia kibandani walikuwa wananyamaza. Mama alianza kunipakulia chakula kidogo. Nilipouliza alisema, "Shamba halitoi. Kula hicho, mwanangu." Lakini nilikuwa nimevichimbua viazi mimi mwenyewe, na macho yangu yanajua kiazi kimoja na viwili. Nikaanza kumtazama Kagendo mdomo, nione kama anatafuna wakati ambapo sisi hatutafuni. Sikuona kitu. Nikaamua basi anaficha.

Nilikuwa nimejipangia namna ya kumwondoa. Sisi vijana hatukuwa na kipande, kile cheti cha kujitambulisha. Tuliandikwa kwenye karatasi ya nyumba, na mbele ya jina la Kagendo karani aliandika Meru. Kulikuwa na familia moja iliyotoka huko, walichelewa kurudi kutoka shambani, wakapandishwa lori na kurudishwa kwao. Jambo hilo lilinikaa kichwani. Nilijua adhabu ya mtu wa Meru ni kurudishwa Meru. Nilidhani ni sheria, kumbe lilikuwa limetokea mara moja tu.

Asubuhi moja hatukupelekwa mtaroni. Tulikusanywa uwanjani mbele ya kituo cha homugadi, na mkuu wa kambi akatoka ameshika kiondo kidogo. Alikuwa mtu wa kwetu, zamani alichinja mbuzi sokoni, lakini siku za kutoa amri alisema Kiswahili ili zionekane za serikali.

"Hii kiondo tumepata juu ya kijito, ndani ya shimo ya mti," alisema. "Iko na viazi, iko na chumvi. Nani ametengeneza?"

Kiondo kikapitishwa mkononi mwa kila mwanamke. Kila mmoja alikipapasa, akakigeuza na kusema hakijui. Kilipofika kwangu, kidole changu kilitambua kabla ya jicho. Mishono ililalia upande wa pili.

Hapakuwa na mwanamke kilimani asiyeujua mkono ule. Wote walisema hawakijui.

Nami nikasema sikijui.

Mkuu alifunga mlango wa kijiji. Hakuna shamba, hakuna maji ila ndoo moja kwa kila kibanda, mpaka mwenye kiondo apatikane. Siku ya kwanza watoto walilia. Siku ya pili walilia kidogo. Mama alikaa amejiinamia, na Kagendo alikaa karibu naye akimshika mkono, na mimi nilikaa upande mwingine nikihesabu ni muda gani wamekaa wameshikana. Sasa nilidhani nimeelewa kila kitu. Viazi vilivyopungua kwenye sahani yangu ndivyo vilivyokuwa kwenye kile kiondo. Kagendo alikuwa anatuibia chakula akampelekee kijana fulani wa kwao aliyeingia msituni, na mama, kwa kupofushwa na mapenzi, alikuwa anamtunza mwizi.

Siku ya tatu mchana nilitumwa langoni kuchukua ndoo yetu. Kiondo kilikuwa kimetundikwa kwenye nguzo. Mkuu wa kambi alikuwa amekaa chini yake, kofia magotini, na hakuonekana mkali. Alionekana mtu aliyechoka.

"Wewe msichana, unajua kusuka?"

"Najua."

"Hii ni ya nani?"

"Sijui ni ya nani," nikasema. "Lakini aliyesuka anatumia mkono wa kushoto."

Hayo tu. Sikutaja jina. Kwa miaka mingi nilijishikilia hapo, kwamba sikutaja jina.

Hakuniuliza kitu kingine. Nilijaza ndoo nikarudi, na maji hayakumwagika hata tone.

Saa ile ile filimbi ikapigwa.

"Kila mama, kila msichana, alete kazi yake ya kusuka hapa," mkuu alisema. "Mtasuka mbele yangu. Nataka kuona mikono."

Tulikaa chini kwenye vumbi, mistari mistari. Kagendo alikuwa mbele yetu kidogo. Alichukua uzi kwa mkono wa kulia, na vidole vikamkataa. Mtu yeyote angeona kwamba ule si mkono wake.

Homugadi wawili walianza kutembea kati ya mistari, wakiinama.

Mama aliuhamisha uzi wake.

Aliutoa mkono wa kulia, akautia wa kushoto, akaanza kusuka vibaya, polepole, kama mtoto. Hakumtazama mtu. Mwanamke wa pili yake aliona, naye akahamisha. Kisha wa tatu. Ilienda mstari hadi mstari mpaka uwanja mzima wa wanawake, bibi vizee kwa mabinti, walikuwa wanahangaika kwa mkono wa kushoto, nyuzi zinawaanguka.

Mimi nilisuka kwa mkono wa kulia.

Nilijua kwamba wa kulia hana kosa, na hofu ilinishika hapo hapo kwenye usalama wangu. Mama aligeuka akaitazama mikono yangu. Hakuutazama uso. Aliitazama mikono, kisha akarudi kwenye uzi wake.

Mkuu aliona wanavyomchezea, uso wake ukabadilika. "Nani alianza?" aliuliza. Homugadi mmoja akamnyooshea mama kidole.

Walimwinua kwa mabega. Mmoja alimpiga na kitako cha bunduki, na mama akapiga magoti.

Kagendo akasimama.

"Mwacheni mama," alisema. "Kiondo ni changu. Chakula nimeiba mwenyewe nikapeleka mwenyewe. Yeye hajui."

Nitaandika hapa jambo ambalo sijamwambia mtu. Mama yangu alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, damu sikioni, na msichana wa miaka kumi na mitano alikuwa anajitoa badala yake. Kilichonijia kwanza hakikuwa hofu wala huruma. Nilisikia kwamba amesema mama. Ameteleza, ameshasema, na mbele ya watu wote. Wivu ulinipanda mpaka nikaona giza.

Walimpandisha lori.

Nilikimbilia kwenye ukingo wa handaki, pale ambapo barabara inaonekana mpaka njia panda. Kushoto ni Meru, kulia ni kuteremka Embu mjini kwenye kambi ya kuhojiwa. Nilisema moyoni, kushoto, kushoto.

Lori lilipunguza mwendo.

Likakata kulia.

Tuliporudi kibandani mama alijiosha sikio, akawasha moto, akaketi. Alisema maneno matatu. "Njeru hayuko Kericho."

Hakuhitaji kuongeza. Kazi ya maji, minong'ono, viazi vyangu vilivyopungua, vyote vilikuwa na mahali pa kwenda, na mahali penyewe palikuwa tumbo la kaka yangu. Mama hakuniambia kwa sababu alinijua. Nikikasirika husema, na kipindi kile nilikuwa nakasirika kutwa. Alimchagua anayeweza kunyamaza. Hakumchagua wa kupumzika.

"Nitapeleka mimi," nilisema.

"Wewe kaa," mama alijibu.

Nikakaa. Kagendo alikuwa ameondolewa, na nafasi mbele ya mama ilikuwa wazi, lakini hakuniita nikae hapo, na mimi sikuthubutu kusogea.

Hapakuwa tena na njia ya kupeleka chakula. Maji yakawa yanateremshwa na homugadi. Tuliendelea na mtaro mpaka ukaisha, na mvua ya kwanza ikaporomosha nusu yake, tukauchimba upya. Kuna siku tulisikia milio ya bunduki juu kwenye mianzi, asubuhi yote, na mama alichimba bila kuinua kichwa. Njeru hakurudi. Waliotoka msituni baadaye, wengine walisema alipigwa risasi, mmoja alisema alidhoofika kwa njaa akaachwa chini ya mti. Mama alimwuliza huyo wa mwisho ulikuwa mwezi gani. Alipomjibu, alishukuru akaondoka. Mimi pia nilikuwa nimehesabu. Ilikuwa baada ya kiondo.

Kagendo alikaa kizuizini miaka minne, katika kambi ya wanawake ya mbali. Alipoachiliwa hakuja kwetu. Walimwuliza kwao ni wapi, akasema Meru, wakampeleka. Nilipata nilichokitaka, kwa njia ndefu kidogo. Aliolewa huko huko, karibu na Kaaga, akawa na meza ya mboga katika soko la Gakoromone. Hakuzaa. Sababu hakuisema kwa watu, nami ni mtu wa mwisho mwenye haki ya kuuliza.

Kila mwaka baada ya kuvuna, mama alifunga mzigo wa maharagwe na njahi, zile kunde nyeusi za kwetu, akaenda Meru kukaa naye wiki moja. Hakuniambia twende pamoja. Nilimpikia chakula cha safari na kumsindikiza barabarani. Aliporudi nilimwuliza, "Kagendo hajambo?" Akajibu hajambo. Basi. Mume wangu alikuwa anashangaa kwa nini wiki hiyo kila mwaka nilikuwa sisemezeki. Nilikuwa nimeshaolewa, nina watoto wanne, na bado nililala nikiwaza wawili hao wamekaa vipi, kama magoti yao yanakaribiana.

Mama alikufa mzee, kitandani, kifo ambacho watu wa rika lake wengi hawakukipata. Kagendo alikuja mazikoni. Mgongo wake ulikuwa umepinda na nywele zimekwisha kuwa nyeupe kuliko zangu, ingawa mimi ndiye mkubwa. Watu walipotawanyika tulibaki kwenye benchi nyuma ya jiko, vikombe vya chai mikononi. Nilijua nisiposema siku ile sitasema tena.

"Kagendo," nilisema, "ule mwaka wa kiondo. Aliyemwambia mkuu wa kambi habari ya mkono wa kushoto ni mimi."

Alikunywa chai kwanza.

"Najua, dada yangu."

"Unajua tangu lini?"

"Mama alinieleza mwaka ule wa kwanza alipokuja Meru. Aliona vile wewe ulisuka na mkono wa kulia, na filimbi ilipigwa tu ukitoka langoni." Aliweka kikombe chini. "Alilia sana siku hiyo. Akaniomba nisikuchukie, na nisikuulize. Alisema huyo ni mtoto wake, na kosa ni lake yeye mwenyewe, hakukupa nafasi. Alisema ukitaka kuniambia, utaniambia mwenyewe. Kila mwaka akija nilikuwa namuuliza, amesema? Anasema bado."

"Na ulinichukia?"

"Miaka ya kwanza, ndiyo," alisema. "Ningekudanganya nikisema hapana. Halafu nikachoka."

Nimelipima jambo hili miaka mingi sasa, na mizani yangu haitulii. Upande mmoja kuna Njeru, na miaka minne ya Kagendo, na watoto ambao hakuwapata. Upande wa pili kuna sentensi moja niliyoisema mchana nikiwa na ndoo mkononi. Watu hunifariji kwamba serikali ile ndiyo iliyoua, na ni kweli, iliua, mimi sikuifunga milango wala sikuishika bunduki. Lakini ilihitaji mtu wa kuielekeza, na ilimpata msichana aliyetaka kupendwa peke yake.

Kagendo alilala kwangu usiku mmoja, asubuhi nikamsindikiza. Njiani alinisimulia vicheko vya mama huko Meru, mambo aliyoyasema, nyimbo alizokuwa anaimba akimenya njahi. Sikuwahi kumsikia mama akiimba baada ya vita. Nilitembea kando yake nikisikiliza, bibi kizee mwenye wajukuu. Nilishukuru kwamba nimesamehewa, na papo hapo nikamwonea wivu. Mama alikuwa amenilinda maisha yake yote, na hata hilo alimwambia yeye, si mimi.